Watumwa wa Lamu Walikwenda Wapi?

Mwaka 1986 jarida la historia ya Afrika linalotolewa na Chuo Kikuu cha Cambridge lilichapisha makala iliyobeba swali kwenye kichwa chake: watumwa wote wamekwenda wapi? Aliyeuliza ni Patricia Romero, mwanahistoria kutoka Marekani, na mji alioukusudia ni Lamu. Swali lilikuwa zito. Katikati ya karne ya 19 Lamu ilikula, ikajenga na kufanya biashara kwa jasho la watumwa. Zaidi ya miaka mia baadaye, ukikaa barazani Mkomani au ukipita vichochoro vya Shela, utatajiwa nasaba za masharifu hadi kwa Mtume, utatajiwa koo za Wafamau na Wanabahani, lakini ni shida kumpata mtu wa kukwambia: babu yangu alinunuliwa.

Swali nalo lina nasaba. Mtu hulipokea kwa mwalimu wake, kama anavyopokea ijaza ya kusomesha kitabu. La Romero linarudi Washington, kwa profesa mweusi aliyeitwa Charles Harris Wesley. Na jibu, au tuseme kipande kikubwa cha jibu, linarudi kwa mwalimu aliyekuwa akisomesha mtaa wa Langoni, Lamu: Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilail, ambaye pwani nzima inamjua kwa jina la Habib Swaleh. Wawili hawa hawakukutana. Lakini kila mmoja wao alikuwa na darasa lililojaa watu ambao wakubwa wa zama zake walisema hawasomesheki, au hawafai kusomeshwa. Ili kufahamu watu hao walitoka wapi, lazima tuanzie ufukweni Shela.

Shela, 1812 hadi 1829

Watu wa Shela husema asili yao ni Takwa, mji wa mawe ulioko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari. Takwa ulihamwa baada ya karne ya 17. Kaburi lake la nguzo lina maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, sawa na 1683, na hadi leo watu wa Shela huvuka kwenda kulizuru na kuomba mvua. Kwa hiyo Shela ilianza kama kijiji cha wahamaji.

Kilichoipa jina ni vita. Karibu mwaka 1812 Pate ya Wanabahani na Mombasa ya Wamazrui ziliungana ili kuitia Lamu mkononi. Majeshi yao yakatua Shela. Walamu wakatoka mjini, wakakutana nao mchangani na kuwapiga vibaya. Wasimulizi wanasema wavamizi walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa na majahazi yamekaa mchangani, basi wakauawa papo hapo.

Ushindi ukawatia Walamu hofu kuliko furaha. Walijua kwamba Mombasa ingerudi. Wakatuma watu kwa Sayyid Said, mtawala wa Omani, wakaomba ulinzi. Naye akawaletea liwali na askari, na ngome ya Lamu ikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1820. Hapo ndipo historia ya visiwa ilipogeuka. Lamu ilipata usalama ikapoteza uamuzi wake. Pate haikuinuka tena kama zamani. Wamazrui waliendelea kupambana na Mwomani kwa miaka 25 hivi, hadi walipoipoteza hata Mombasa yenyewe mwaka 1837. Karne moja baadaye, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui aliandika historia ya utawala wa ukoo wake, hivyo walioshindwa nao wakapata mwandishi wao. Si kawaida hiyo. Mwandishi huyu atarudi katika hadithi yetu kwa sababu nyingine.

Mwaka 1829 Shela ikajengewa msikiti wa Ijumaa, ule wenye mnara mnene uliochongoka unaoonekana tangu ukiwa chomboni. Kijiji cha wahamaji kilikuwa kimepata mali. Sasa tuulize mali hiyo ilitoka wapi.

Mashamba ya bara, 1829 hadi 1873

Amani ya Sayyid Said ilikuwa amani ya biashara. Visiwa vya Lamu ni vidogo na vina mchanga mwingi, lakini bara iliyo mbele yake ni ardhi ya mtama, ufuta, mahindi na minazi. Waungwana walikata mashamba huko, na mashamba yakataka mikono. Mikono ikaletwa kutoka kusini, mingi ikipitia Kilwa na Zanzibar. Mtumwa alilima bara, mjakazi alitumika ndani ya nyumba ya mawe, na wengine walibeba mizigo forodhani. Zile nyumba zenye zidaka na plasta iliyochongwa, zilizoifanya UNESCO iuingize Mji Mkongwe wa Lamu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, zimesimama juu ya hesabu hiyo. Waongozaji watalii wa siku hizi huieleza plasta vizuri sana. Hesabu yenyewe huipita upesi.

Malindi ilipofufuliwa mwaka 1861 chini ya Sayyid Majid wa Zanzibar, watu wengi wa Shela wenye mitaji waliifuata ardhi mpya ya mtama, na Shela ikaanza kupungua. Huku nyuma, watumwa waliotoroka walikuwa na pa kwenda: Witu, ambako Ahmed Simba, Mnabahani aliyefukuzwa Pate, alijijengea utawala msituni na kuwapokea watoro. Kwa hiyo swali la Romero lina jibu moja la mapema. Baadhi yao walijiondokea wenyewe.

Lakini waliobaki ndio wengi, na mipaka yao haikuwa ya shamba peke yake. Iliingia hadi kwenye elimu. Lamu ya wakati ule ilikuwa mji wa wanavyuoni. Vyuo vya Kurani vilikuwapo mitaani, na waliotaka zaidi walisoma fikihi na nahau kwa mashekhe, misikitini na majumbani. Elimu hii ilikuwa ibada na ilikuwa cheo. Abdul Hamid el-Zein, mwanaanthropolojia wa Kimisri aliyeandika kitabu juu ya dini ya Lamu mwaka 1974, ameonyesha jinsi waungwana walivyoishika elimu kama walivyoshika nasaba: mtumwa alifunzwa kiasi cha kuswali, na yaliyozidi hapo yalionekana si haki yake. Kumfunza zaidi kungevunja mpaka kati ya bwana na mali yake.

Ushahidi mwingine umo katika utendi ambao kila mwanafunzi wa Kiswahili wa sekondari anaujua. Mwana Kupona alimtungia binti yake nasaha mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Ni kazi ya mwalimu mkubwa. Mama ambaye hakupewa mimbari aliifanya beti kuwa mimbari. Miongoni mwa nasaha hizo anamwambia binti asijichanganye na watumwa isipokuwa wakati wa shughuli. Hakuwa mwovu kuliko wenzake. Alisema tu lile ambalo nyumba yoyote ya muungwana ililishika bila kulisema.

Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini, kwa kushurutishwa na Uingereza, mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini. Miaka mitatu baadaye akapiga marufuku misafara ya nchi kavu. Utumwa wenyewe uliendelea, lakini watumwa wapya wakaadimika, na wazee wa Lamu wakaanza kuhisi mali ikiwaponyoka.

Mgeni kutoka Ngazija, miaka ya 1870 hadi 1935

Wakati huo ndipo alipofika kijana kutoka Ngazija, sharifu wa ukoo wa Jamalilail, aliyekuwa na jamaa Lamu. Alisoma kwa wanavyuoni wa mji, mmoja wao Sayyid Mansab, yule aliyeyatia maulidi ya Barzanji katika beti za Kiswahili na aliyefariki mwaka 1922. Jambo hilo si dogo. Mtu aliyeona faida ya kumtoa Mtume katika Kiarabu na kumweka katika lugha ya jikoni na ya shambani alikuwa ameshakubali kwamba wapo wasikilizaji nje ya duara la wenye kujua nahau. Mwanafunzi wake akaenda mbele zaidi. Mwalimu alikuwa amewatafsiria. Yeye akaenda kukaa nao.

Langoni ulikuwa upande wa kusini wa mji, mtaa wa udongo na makuti: watumwa, walioachwa huru, wageni wa Kikomoro na Kihadhrami wasio na kitu, wavuvi na wachukuzi. Habib Swaleh aliishi kwao, akawatibu kwa dawa aliyoijua, na akawasomesha. Hakuwapa zile sura fupi za kuswalia peke yake. Aliwaingiza katika darsa kamili. Mtoto wa mjakazi alikaa mkekani akafungua kitabu kilekile alichokifungua mtoto wa liwali.

Halafu akaongeza jambo lililowaudhi wakubwa zaidi. Huko Seiyun, Hadhramaut, mwanachuoni Habib Ali bin Muhammad al-Habshi alikuwa ametunga maulidi yaitwayo Simtud-Durar, na chuo chake kiliitwa Riyadh. Maulidi hayo yalivuka bahari yakafika Lamu, na Habib Swaleh akayasomesha Langoni kwa sauti kubwa na matari. Watu wa Langoni ngoma waliijua. Ngoma ilikuwa yao tangu shambani, nao walikuwa wakiambiwa kwamba hicho ndicho kitambulisho cha ujinga wao. Sasa mkono uliozoea ngoma ukapewa kazi katika kumsifu Mtume. Wanavyuoni wa nyumba za mawe walisema ni bidaa kupiga matari msikitini. Naamini waliyasema hayo kwa dini yao kweli. Lakini naamini pia kwamba mtikisiko ule wa matari uliwafikia mahali pengine, mahali pa cheo, wala hawakuhitaji kupataja.

Karibu mwaka 1900 Msikiti wa Riyadha ukasimama Langoni. Husimuliwa kwamba majengo ya mwanzo yalikuwa ya udongo na makuti kama nyumba za majirani zake. Serikali ya Uingereza ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na wenye watumwa wakalipwa fidia. Watumwa hawakulipwa. Mpangilio wa miaka hii ndio kiini cha habari yote: sheria ilipofika kuwaambia watu wa Langoni kwamba wako huru, darsa lilikuwa limeshawakalisha.

Uhuru wa 1907 haukuwa na shamba ndani yake wala jina. Aliyekuwa mtumwa aliondoka kwa bwana bila ukoo wa kujitetea nao katika mji uliomuuliza kila mtu ukoo wake. Riyadha ilimpa njia ya kujibu. Aliyesoma hapo aliweza kusema: mimi ni mwanafunzi wa fulani, aliyesoma kwa fulani. Hiyo nayo ni silsila. Akipelekwa kijijini kusomesha, kijiji kilimwita mwalimu, na jina hilo likafunika majina mengine. Wanafunzi walifika kutoka Komoro, Usomali, Tanganyika, Uganda na Kongo, wakarudi makwao kufungua madrasa. Mwaka 1959 mtafiti wa Kiingereza Peter Lienhardt alipoandika habari za Riyadha hakuiita msikiti tu, aliiita chuo.

Tusimtie Habib Swaleh rangi ambayo si yake. Hakuwa mwanamapinduzi wa vitabu vya siasa. Heshima ya masharifu haikupungua Riyadha, na wapo wanaosema iliongezeka: mtoto wa mtumwa aliweza kuwa mwanachuoni, lakini hakuweza kuwa sharifu, na baraka za mji zilizidi kupita katika nyumba moja. Muungwana wa kale alipoteza nafasi, sharifu wa Riyadha akaipata. Hayo ni kweli. Na bado, aliyekatazwa kitabu alikipata.

Habib Swaleh alifariki mwaka 1935. Mwishoni mwa kila Mfungo Sita maelfu huenda Lamu kwa maulidi yake, na zefe hupita njia kuu na matari yaleyale.

Mombasa, miaka ya 1930

Zama hizohizo, Mombasa ilikuwa na mwalimu wa namna nyingine, na ndiye yule Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) aliyeandika historia ya ukoo ulioshindwa Shela. Yeye hakupenda matari wala ziara za makaburi. Aliona Waislamu wa pwani wanaachwa nyuma na dunia, akataka shule, akataka watoto wa kike wasome, akataka gazeti. Mwaka 1932 alianzisha al-Islah. Wanafunzi wake wawili wakuu, Muhammad Kasim Mazrui na Abdallah Saleh Farsy, walikuja kuwa makadhi wakuu wa Kenya. Farsy ndiye aliyeandika kwa Kiswahili kitabu cha habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1972: nani alisoma kwa nani, alikufa lini, alimwachia nani elimu. Hiyo ni historia ya fikra za Waafrika, iliyoandikwa na Mwafrika kwa lugha ya Kiafrika, na sijui kwa nini haimo katika orodha za vitabu vya somo hilo vyuoni.

Sheikh al-Amin aliacha pia mtoto wa miaka 14, jina lake Ali. Mwaka uleule wa 1986 Romero alipouliza swali lake, Profesa Ali Mazrui alikuwa kwenye televisheni za Uingereza na Marekani akieleza turathi tatu za Afrika: ya asili, ya Kiislamu na ya Magharibi. Ukimsikiliza, humkosi baba yake.

Ng'ambo ya Atlantiki, 1875 hadi 1967

Wakati Habib Swaleh anatandika mkeka Langoni, kijana mweusi alikuwa akichimba makaa ya mawe West Virginia. Carter G. Woodson alizaliwa mwaka 1875 kwa wazazi waliokuwa watumwa, akaingia shule ya sekondari akiwa na miaka 20, na mwaka 1912 akapata shahada ya udaktari wa historia Harvard, Mmarekani mweusi wa pili baada ya W. E. B. Du Bois. Mwaka 1915 aliunda chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi. Mwaka uliofuata akaanzisha jarida. Mwaka 1926 akaanzisha wiki ya historia yao, iliyokuja kuwa mwezi mzima wa Februari. Maprofesa wa Kizungu wa siku hizo walifundisha kwamba mtu mweusi hana historia ya kuandikwa, na kwamba utumwa ulimfaa.

Charles Wesley, mzaliwa wa Louisville, Kentucky, mwaka 1891, aliingia katika kazi hiyo ya Woodson. Alifundisha Chuo Kikuu cha Howard kwa miaka mingi, akapata shahada yake Harvard mwaka 1925, na mwaka 1927 akatoa kitabu juu ya kazi na wafanyakazi weusi wa Marekani. Ndani yake aliuliza swali ambalo wenzake hawakujali kuliuliza: baada ya minyororo kukatwa, watu hawa walikwenda kufanya nini? Aliwatafuta viwandani, bandarini, kwenye vyama vya mafundi vilivyowafungia mlango. Mwaka 1930 alipata msaada wa kwenda London kuchunguza uhuru wa watumwa katika dola ya Uingereza. Kisha akaongoza vyuo viwili Ohio, Wilberforce na Central State, na Woodson alipofariki mwaka 1950 akakabidhiwa chama.

Mwaka 1967 chama kilitoa mfululizo wa vitabu juu ya maisha ya watu weusi. Kimojawapo kilihusu weusi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, njia ya kutoka utumwani hadi uraiani. Waandishi ni wawili: Wesley, mzee wa miaka 76, na mwanamke wa Kizungu aliyekuwa bado anaanza, Patricia Romero. Mwaka uliofuata Romero alihariri mkusanyo wa nyaraka za historia ya Weusi wa Marekani kuanzia 1619 kwa ajili ya mfululizo huohuo.

Lamu, 1986 na baadaye

Sasa lile swali la 1986 linaonekana umbo lake. Watafiti wengi wa kigeni waliofika Lamu kabla ya Romero walivutwa na usanifu, na ushairi, na masharifu. Yeye aliyekaa meza moja na Wesley alipanda ngazi za forodhani na kuuliza la Wesley: walioachwa huru wako wapi? Sidai kwamba alimnakili mwalimu. Nasema kwamba jicho lake lilikuwa limeshafunzwa pa kutazama.

Na miaka miwili baada ya makala hiyo, mwaka 1988, alihariri upya kumbukumbu za Susie King Taylor. Huyu alizaliwa mtumwa Georgia mwaka 1848, akajifunza kusoma kwa siri mjini Savannah kwa kuwa sheria ilikataza, na vita vilipomfungulia njia alikuwa akisomesha wenzake akiwa bado msichana mdogo. Kumbukumbu zake zilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1902, Riyadha ikiwa changa. Mwaka 1997 Romero alitoa kitabu kizima juu ya historia ya Lamu, jamii yake na familia zake.

Ukiziweka kazi hizo pamoja, utaona Savannah na Langoni zinatazamana. Pande zote mbili bwana alikijua kitabu kuwa hatari. Pande zote mbili wa kwanza kujinunulia heshima baada ya utumwa alikuwa mwalimu. Tofauti yao ni hii: Taylor aliandika jina lake. Wanafunzi wa Langoni waliandikwa na wengine, au hawakuandikwa kabisa.

Wageni waliosoma kwa Walamu

Elimu ya Lamu iliwahi kuondoka kwa njia nyingine pia. Muhamadi Kijumwa, mwandishi wa hati, mtunzi, mchongaji na mpigaji kibangala, alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wageni: Alice Werner na William Hichens wa Uingereza, Ernst Dammann wa Ujerumani. Nakala zake ziko London na Hamburg, na bila yake sehemu kubwa ya fasihi ya visiwa ingepotea. Maprofesa walikuwa wanafunzi wake, ingawa kwenye majalada ya vitabu vyao mpangilio huo uligeuzwa.

Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki 2017, alifunzwa utunzi na bibi yake, Amina Abubakar Sheikh. Hakuwa na shahada. Utendi wake wa jahazi, Sambo ya Kiwandeo, ulichapishwa Leiden mwaka 1979, nao una majina mengi zaidi ya vifaa vya chombo kuliko kamusi yoyote niliyoifungua. Wahadhiri wa Nairobi, Ulaya na Marekani walipanga foleni nyumbani kwake Mombasa, na neno runinga, analohesabiwa yeye kuwa mbuni wake, husomwa kila siku katika taarifa za habari na watu wasiomjua. Lakini mwalimu wake alikuwa mwanamke aliyesomesha ndani ya nyumba, kama Mwana Kupona, na tunalijua jina lake kwa sababu moja tu: mjukuu alikuwa na adabu ya kulitaja.

Adabu hiyo ndiyo inayokosekana mahali pengine. Mwaka 2012 hivi miswada ya Riyadha ilipigwa picha za kidijitali chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na mtu yeyote aweza kuyasoma maandishi ya pembezoni yaliyoachwa na waliokuwa wakivisoma vitabu hivyo. Shela, kwa upande wake, imerudi kuwa na mali: tangu miaka ya 1960 na 1970 hoteli na wageni wa Ulaya wamenunua magofu na kuyainua, na bei za nyumba zimewapita wenyeji. Historia inayouzwa huko ni ya milango na plasta. Ya mkeka wa Langoni haina muuzaji.

Basi ikiwa mzee wenu alisoma Riyadha, akatoka hapo kwenda kusomesha Mambrui, Kismayu, Ujiji au Moroni, andikeni jina lake kamili, jina la mwalimu wake, na kijiji alichokwenda. Kama mama yake alikuwa mjakazi, liandikeni hilo pia. Pelekeni nakala moja Riyadha na nyingine Makumbusho ya Lamu, na msingoje mtafiti aje kuwauliza.